Zamu ya Chemichemi

Kemunto wangu,

Gari la chai limechelewa tena na karani ameegemea mizani amesinzia, kwa hivyo nimepata nafasi ambayo nyumbani nisingeipata. Nimekaa kwenye benchi la kituo cha kuuzia chai, gunia langu la majani liko miguuni, na karatasi iko juu ya goti. Ukiona maandishi yanapanda na kushuka, usidhani nimezeeka, ni goti. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nikitumia Ekegusii nitaanza kukugombeza kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Halafu unajua Kiswahili ndicho somo pekee nililowahi kumshinda baba yako darasani, na hadi leo hajakubali.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda chuoni Eldoret. Ama niseme, unafaa kuondoka. Leo tukichuma chai, ulisema tena, kama ulivyosema juzi, bila kuinua kichwa, "Mama, nikiahirisha mwaka mmoja tu, kuna ubaya gani? Hiyo chemichemi ikikauka nikiwa huko, sitajisamehe." Mimi nikaanza kuimba kama mtu ambaye hajasikia. Nilisikia, mwanangu. Niliimba kwa sababu jibu lilikuwa refu, na mimi nikijibu haraka huwa ninajibu vibaya, kama utakavyoona humu.

Sitakuandikia mambo ya blanketi, wala ya kufunga mlango, wala ya wavulana. Baba yako ameshayasema yote, na yale ya wavulana ameyasema kwa sauti hata jirani zetu wameyakariri. Mimi nataka tuzungumze juu ya hofu yako, kwa sababu ninaona umeipakia pamoja na sweta, na ninajua uzito wake.

Unakumbuka ilivyoanza? Mimi ninakumbuka kuliko wewe. Ilikuwa ile alasiri ya mvua ya mawe, ukiwa bado kidato cha pili. Yalianguka hadi ua wote ukawa mweupe. Ndugu zako wakatoka mbio kuyaokota na kuyatafuna wakicheka, nawe ukabaki mlangoni ukitazama shamba. Mvua ilipokatika, michai ilikuwa vijiti vitupu. Nilikuambia itachipua, na kweli ikachipua. Lakini baadaye likaja jua lile lililokaa hadi migomba ikaanguka yenyewe, na mvua iliporudi ilikuja kwa hasira ikabeba mbegu zetu zote hadi mtoni. Wewe ukaanza kusoma kwenye simu. Ukasoma juu ya barafu inayoyeyuka, na misitu inayoungua, na bahari inayopanda, na kila ulichosoma ukakileta mezani. Ugali ulikuwa unapoa mbele yetu huku ukitueleza jinsi dunia inavyozidi kupata joto.

Kisha ukaacha kulala. Ukawa unakemea kila mtu. Nikiwasha jiko kwa karatasi ya mkate, unaniangalia kama nimeiba sadaka. Siku moja Magokoro, mama yake baba yako, alichoma takataka zake nyuma ya nyumba kama alivyofanya maisha yake yote. Ukamwendea ukilia, na bibi wa watu akadhani ameunguza viatu vyako. Halafu kuna ile jioni tulipokuwa tunachambua mboga za chinsaga. Ulisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wewe hutazaa, kwa sababu hutaki kuleta mtoto duniani aje aungue.

Mimi nilicheka. Nilisema, "Wewe mtoto, pata mume kwanza ndio ukatae kuzaa." Ulimaliza kuchambua mboga zako, ukaosha mikono, ukaenda kulala bila kula. Nilikaa pale na sufuria nikajua nimekosea, lakini sikujua nimekosea wapi. Niliona tu kwamba nimekucheka siku ambayo hukuwa unatania.

Kosa la pili lilikuwa la simu. Nilijiambia hofu inaishi ndani ya simu, kwa hivyo nikaichukua nikaificha kwenye debe la mahindi. Unajua yaliyotokea. Uliendelea kuogopa vilevile, tofauti ni kwamba sasa ulikuwa unaogopa bila kujua habari mpya, ukajitungia zako, na zako zilikuwa mbaya zaidi. Nilipoirudisha, dumuzi, wale wadudu wa mahindi, walikuwa wameingia kwenye tundu la kusemea. Hadi leo ukinipigia unasikika kama mtu anayesaga unga.

Kosa la tatu nilikupeleka kwa mzee wa kanisa akuombee. Sijutii maombi, maombi yalikuwa mazuri, na mzee alikemea roho ya hofu mpaka madirisha yakatetemeka. Lakini tulipokuwa tunatoka alinivuta kando akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama Kemunto, kwani huyo mtoto amesoma wapi? Ameambiwa mvua ya mwaka huu itakuja lini? Maana mimi pia silali." Nilicheka njia nzima kuelekea nyumbani. Wewe hukucheka, lakini nilikuona midomo ikitaka kufanya hivyo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Ningemsikiliza mzee vizuri siku hiyo, ningejua la kufanya. Lakini ilibidi nifundishwe na chemichemi.

Ile asubuhi tulienda bondeni kuchota maji, mimi na wewe. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye mwamba kwa nguvu wakati nilipoolewa yalikuwa uzi. Tuliweka mtungi chini ya ule uzi, tukangoja. Tulingoja sana. Nilikuwa nimezoea kukuambia maneno ya kukutuliza, na siku hiyo niliyatafuta nikayakosa. Nikasema, "Kemunto, hata mimi naogopa." Nikakueleza vile ninavyoamka nikisikia upepo wa mvua ya mawe, ninavyolala nikihesabu ni nini tutakula chai ikikataa. Sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Machozi yakanitoka nikiwa nimeshika kifuniko cha mtungi.

Na wewe ulifurahi! Usikatae, nilikuona. Uso ukafunguka kabisa, mtoto mzima anafurahi kwamba mama yake anaogopa. Ukasema, "Mama, kumbe si mimi peke yangu?" Ukanikumbatia tukakaa pale kwenye jiwe tukilia na kucheka, na mtungi ulipojaa hatukuona, maji yakamwagika. Siku hiyo ulikula viazi vyote vilivyokuwa kwenye sufuria.

Kwa hivyo hilo ndilo la kwanza ninalokupa, na nilichelewa sana kulipata. Huko chuoni utakutana na msichana asiyelala, au mvulana mwenye maneno makali juu ya kila kitu. Usikimbilie kumtuliza. Mwambie tu kwamba hata wewe unaogopa, kisha mtafute kitu cha kula pamoja.

Tulivyojua tunaogopa pamoja, tukaanza kutazama chemichemi yenyewe, na tukaiona shida ikiwa imesimama mbele yetu, ndefu na imenyooka. Mikaratusi ya baba yako. Aliipanda pale juu ya chemichemi kwa nia njema, kwa sababu ilikuwa inakua haraka na kila mtu hapa bondeni alipanda. Hakuna aliyefikiria kwamba mti unaweza kunywa kuliko ng'ombe.

Sasa hapa mkosaji ni wewe, na ninakukumbusha kwa furaha. Ulimngojea baba yako aketi mezani, ashike tonge, ukamwambia mbele ya kila mtu, "Baba, ni wewe unaua hiyo chemichemi." Baba yako aliweka tonge chini. Alitoka, na wiki hiyo yote akawa anakula kwa mama yake, na Magokoro akawa ananiangalia kanisani kama mimi ndiye niliyepika maneno hayo. Miti haikukatwa hata tawi.

Baadaye uliingia kwa mlango mwingine. Sijui ni nani alikufundisha, labda njaa ya kumuona baba yako mezani. Ulimpelekea uji pale anapotengenezea baiskeli, ukakaa chini, ukamuuliza, "Baba, hapo kwa chemichemi palikuwa aje ukiwa mdogo?" Mimi nilikuwa nikianika nguo, nikaacha kuanika. Alianza polepole. Akasema maji yalikuwa yanaruka. Akasema walikuwa wakioga pale wakitoka shule, na kulikuwa na mikuyu mikubwa, na ndege wa bluu, na kaa wadogo waliokuwa wanawabana vidole. Aliongea mpaka uji ukashika ngozi juu. Halafu akasema, "Hao kaa walienda wapi?" Kesho yake alikwenda sokoni Magwagwa akarudi na mtu mwenye msumeno wa mashine. Visiki aliving'oa mwenyewe, kimoja baada ya kingine, na alipokuwa akivichimba alikuwa anapiga mluzi.

Nilikuwa nikiwaza sana juu ya hayo mambo mawili. Ni mtu yuleyule, miti ileile, binti yuleyule. Mara ya kwanza ulimpa aibu, na aibu ilimfanya akale kwingine. Mara ya pili ulimpa nafasi akumbuke kitu alichokipenda.

Ulipanda miche yako. Mikuyu, mianzi, matete, na zile nyasi za majimaji ulizoomba kwa watu wa upande wa pili wa mto. Ulikuwa unashuka kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada ya kazi. Nilikuona unapendeza tena. Ulilala, na ukakoroma, nikamshukuru Mungu kwa kila koromo.

Hapo ndipo nikaharibu kila kitu.

Unajua sisi wanawake tuna egesangio letu, kikundi cha kulimiana. Leo tuko kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko uishe tuanze tena. Mwenye zamu anapika chai, na asiyeweza kuja anatuma mtu badala yake. Hakuna pesa, ni mikono tu. Basi ile siku uliyokwenda na baba yako kupeleka ndizi soko la Daraja Mbili, zamu ilikuwa yangu. Nikawaza, nitamfanyia mtoto wangu zawadi. Nikawaambia wenzangu waache shamba langu la mahindi, tushuke bondeni tupalilie pale kwa chemichemi ya Kemunto.

Mwanangu, tulipalilia. Wewe unatujua. Mwanamke wa huku akiambiwa apalilie, haachi kitu kinachotikisika. Shamba lenye nyasi ni aibu ya mwenye shamba, na mimi mama yangu alinifundisha hivyo na jembe likiwa refu kuliko mimi. Mama Dennis alikuwa mbele, unajua mkono wake. Tuling'oa matete. Tuling'oa nyasi. Mianzi yako ilikuwa midogo, tukaona ni magugu ya aina mpya, tukang'oa. Mikuyu nayo tuliiona imeota bila mpangilio wowote, tukang'oa. Tulipomaliza tulifagia. Ndiyo, tulifagia! Pale mahali palikuwa peupe na pamenyooka, na tukasimama juu ya kilima mikono kiunoni tukapasifu. Mama Dennis akafunga yote mzigo mmoja akapelekea ng'ombe wake.

Ulirudi jioni ukashuka moja kwa moja. Mimi nilikuwa nakufuata nyuma nikitabasamu, nikingoja ushangae. Ulishangaa. Ulisimama katikati ya ule udongo mtupu, ukanigeukia, ukasema, "Mama, miti yangu iko wapi?" Nikakuambia, "Miti gani?" Nikaona uso wako, nikaanza kuelewa. Miti yako ilikuwa tumboni mwa ng'ombe wa Mama Dennis.

Ile hofu ilirudi na ndugu zake. Ulilala ukiangalia ukuta. Ulisema jambo lililonichoma kuliko lile la kutozaa. Ulisema, "Sasa nimeamini. Hata tukitaka kusaidia, tunaharibu." Nilikaa ukingoni mwa kitanda chako nikakuomba msamaha, nawe ukasema si neno, kwa sauti ambayo ilikuwa neno kubwa.

Kilichotuokoa ni kwamba Mama Dennis hawezi kufunga mdomo. Habari ilizunguka kijiji chote kabla jua halijapanda, kwamba ng'ombe wake amekula msitu. Wakaja wote asubuhi, egesangio zima, mmoja na mche wa mwanzi, mwingine na matete kwenye beseni, mwingine na kikapu cha nduma kwa sababu hakujua alete nini lakini alijua nduma hupenda maji. Wakasimama uani. Mama Dennis akaita, "Kemunto! Toka huko. Sisi tumekosa, lakini hakuna mtu alituonyesha. Kuja utuonyeshe."

Ulitoka na blanketi mabegani. Nilijua unavyoogopa kusema mbele ya watu wazima, na hao ni wanawake waliokubeba mgongoni. Bondeni ulianza kwa sauti ya panya. Mama Dennis, mazoea ni mazoea, akainama akang'oa kitu. Nawe ukapiga kelele, "Mama Dennis, acha! Hiyo si magugu!" Mtoto amemfokea mama mzima. Mama Dennis akakiangalia alichokishika, akakirudisha kwenye shimo lake polepole, akakipapasa udongo, akakiambia, "Samahani, sikujua wewe ni wa Kemunto." Tulicheka mpaka mwingine akakaa chini. Wewe ulicheka zaidi ya wote, blanketi likaanguka matopeni.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke hapa anayeng'oa kitu bila kukiuliza, "Wewe ni magugu au ni wa Kemunto?" Hata kwenye shamba la maharagwe.

Na mambo yakaenda. Sitakudanganya kwamba maji yanaruka kama ya utoto wa baba yako. Lakini uzi umekuwa kamba, na mtungi unajaa kabla hujamaliza kusalimiana na aliye nyuma yako. Vyura wamerudi. Magokoro ananiambia kila Sabato, "Mwambie huyo mtoto wenu apunguze vyura, mtu hawezi kulala." Akisema hivyo anajaribu kukunja uso, lakini hawezi.

Sasa turudi kwenye neno lako la leo asubuhi.

Ninakuelewa. Umeona jinsi mahali pote palivyoweza kuharibiwa siku moja ukiwa sokoni tu, tena na watu wanaokupenda. Unajiuliza, nikienda miezi mingi itakuwaje? Na tena uliniambia juzi kwamba kusomea ualimu wa hesabu ni kazi bure wakati dunia inaungua. Juu ya hilo nitasema kidogo tu. Watoto wa miaka ijayo, joto liwe lisiwe, watataka mtu wa kuwafundisha hesabu bila kuwapiga. Mimi nilipigwa kwa sababu ya hesabu, na ndiyo maana unaona karani huyu hapa ananipunja nikimwangalia.

Lakini la chemichemi ni kubwa, kwa hivyo jana nililipeleka kwa wenzangu. Tulikuwa kwa Mama Dennis, zamu yake, tunakunywa chai. Nikawaambia, "Kemunto anataka kukataa chuo kwa sababu ya hiyo maji." Mama Dennis akaweka kikombe chini.

"Si tuipatie zamu?" akasema.

"Nini?"

"Hiyo chemichemi. Tuiweke kwa egesangio kama mtu. Mzunguko ikiisha, siku ya mwisho ni yake. Hatutangoja Kemunto atuite."

Mwingine akauliza, "Na nani atapika chai siku hiyo? Chemichemi haina jiko."

"Maji si inatoa yenyewe? Wewe leta majani na uwache maswali."

Wakacheka, wakakubaliana. Nami nikajua kitu ambacho nilikuwa nikikifanya tangu nilipoolewa bila kukifikiria. Unajua ni kwa nini mimi sijafa kwa jembe? Kwa sababu si zamu yangu kila siku. Siku ya zamu yangu ninachoka kabisa. Siku nyingine ninachoka kidogo kwa mwenzangu. Siku nyingine ninalala mchana, shamba langu lina nyasi na ninaziona, na ninajua siku yake iko njiani na mikono iko njiani. Hofu yako, Kemunto, inakuamsha kila asubuhi ikikuambia leo ni zamu yako, na kesho ni yako tena, wewe peke yako na jembe moja kwa dunia nzima. Hata Mama Dennis hangeweza hivyo, na unamjua Mama Dennis. Huko uendako utafute watu, hata wawe wachache na wenye mikono laini, mgawane zamu. Siku ambayo si yako, lala. Cheza. Suka nywele.

Lakini kulibaki jambo moja. Tangu ile siku ya miche wewe ni mwanachama, na asiyeweza kuja anatuma mtu. Wakaniuliza nafasi yako itashikwa na nani. Nikasema nitafanya kazi ya watu wawili, wakakataa, wakasema sheria ni mwili mmoja mtu mmoja. Nilirudi nyumbani nikiwaza, nikamweleza baba yako akiwa anafungia kuku.

Akasema, "Nitaenda mimi."

"Wewe? Kwa egesangio ya wanawake?"

"Kwani miti ilikuwa ya nani?" Akafunga kuku wengine. Kisha akasema, "Lakini waambie mimi siimbi."

Nikampelekea Mama Dennis habari leo asubuhi. Amesema baba yako ataimba tu, wanaume waliokataa kuimba wameshapita mikononi mwake.

Na kuna jambo ambalo baba yako aliniambia nisikuambie. Mchana tulipokuwa tunachuma, alishuka bondeni peke yake. Amechukua lile shati lake jekundu la kwaya ya ujana, lile alilokataa nilitoe hata lilipochanika kola, akalipasua vipande vyembamba, na kila mche akaufunga kitambaa, ili asije mtu akang'oa kitu chako ukiwa mbali. Nilipita huko nikija kituoni. Bonde zima linapepea. Sasa, unamjua baba yako na mimea. Amefunga mikuyu, amefunga mianzi, sawa. Lakini amefunga magugu pia, Kemunto. Ni mengi. Kuna moja kubwa la miiba, amelifunga mafundo mawili.

Sikuligusa. Mama Dennis naye alikuja akaangalia, akanyoosha mkono, akaurudisha. Tumekubaliana hakuna atakayeng'oa kitu chenye kitambaa mpaka wewe ufunge shule Desemba uje utuonyeshe kipi ni kipi. Siku hiyo itakuwa zamu yako, na chai utapika wewe.

Ninasikia gari linapanda kilima, na karani ameamka anajifanya hakulala. Nenda, mwanangu. Nafasi yako imeshikwa na mtu ambaye hajui magugu na miti, ila anajua ni vya nani.

Anayekupenda na anayeogopa pamoja nawe,

Mama